Ramani za Kale za Waholanzi

Ewe kijana usomaye, chukua ramani ya Kenya, uweke kidole chako penye Eldoret, mahali Langas ilipo. Katika ramani ya leo hapana taabu. Lakini kama ramani hiyo ilipigwa chapa Amsterdam karne tatu na nusu zilizopita, utakuta nini chini ya kidole chako? Kwa ajili ya maswali kama hili, wako watu watoao mali nyingi kununua karatasi kuukuu.

Mabingwa wa kazi hiyo walikuwa Waholanzi, na mashuhuri miongoni mwao ni Willem Blaeu na mwanawe Joan, waliokuwa pia wachoraji wa ramani za bahari za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki. Mwaka 1662 Joan alitoa atlasi ya Kilatini yenye juzuu 11 na ramani zipatazo 600. Kila ramani ilichongwa kinyume juu ya bamba la shaba, bamba likatiwa wino, na karatasi ikakandamizwa juu yake. Chapa ilitoka nyeusi. Rangi zilipakwa baadaye kwa mkono, nakala moja moja. Mkusanyaji hodari huigeuza karatasi akatazama mgongo wake, maana kijani kilichotokana na kutu ya shaba huila karatasi polepole, kikaacha alama ya hudhurungi upande wa pili. Alama hiyo humkinga asiuziwe rangi ya jana kwa bei ya kale.

Itazame ramani ya Afrika ya Blaeu. Juu pana picha za miji tisa, na ubavuni watu katika mavazi yao. Pwani zimeandikwa Malindi, Mombasa na Kilwa, kwa kuwa mabaharia walifika huko. Bara wamechorwa ndovu na simba, pamoja na maziwa ya kudhaniwa tu, kwa kufuata habari za Ptolemayo wa Iskanderia, aliyeishi katika karne ya pili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alifuta mengi asiyokuwa na hakika nayo, akaacha weupe. Huo ulikuwa uaminifu. Lakini weupe wa karatasi ni mwepesi wa kudhaniwa kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilitoa shauri la kuwapa Wayahudi makazi Afrika Mashariki, na nchi iliyoonyeshwa ikawa Uasin Gishu. Wao wakakataa mwaka 1905. Mwaka 1908 ukaja msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg, wengi wao wakiwa wazao wa walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema, koloni iliyoanzishwa mwaka 1652 na Kampuni ile ile ya akina Blaeu. Hata hivyo, nyanda hizo zilikuwa na Wamasai na Wanandi waliolisha ng'ombe wao, na mashimo ya Sirikwa yashuhudia wakazi wa kale zaidi.

Daktari Oscar Norwich wa Johannesburg alikusanya ramani za Afrika zaidi ya 300, nazo sasa zimo katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waweza kuzitazama bure kwa intaneti. Zitazame, uzipende rangi zake. Kisha uulize: mchoraji alifika wapi, na ni nani ambaye hakuulizwa? Ajuaye kuuliza hivyo hatapotezwa na ramani yoyote, iwe ya kale au ya leo.