Hukumu si sheria

Jana usiku hapa hosteli tulibishana mpaka umeme ukakatika: haki ya kutoa mimba ilindwe na mahakama au bunge? Mwenzangu wa chumbani, anayesoma sheria, kashikilia mahakama. Leo nimeshinda maktaba.

Jamani, tuanze na Marekani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliitambua haki hiyo katika kesi ya Roe dhidi ya Wade. Bunge la taifa halikuwahi kuitungia sheria. Muswada uliopita Baraza la Wawakilishi Septemba 2021 ulikwama Seneti. Juni 24, 2022 majaji wakaifuta hukumu, kila jimbo likaachiwa liamue lenyewe.

Ufaransa je? Novemba 1974 waziri wa afya, Simone Veil, alisimama mbele ya bunge lililojaa wanaume. Alitukanwa, lakini muswada ukapita kwa kura 284 dhidi ya 189. Sheria ilianza 1975 kwa majaribio ya miaka mitano, 1979 ikawa ya kudumu.

Mwenzangu kasikiliza, kisha kaniuliza: "Na bunge likibadilika?"

Kweli kanibana. Kumbe ndiyo maana Machi 2024 Wafaransa waliuandika uhuru huo kwenye katiba yao.