Utunzaji wa Seva Inayosimamia Mashine Pepe katika Taasisi za Umma

Mfanyabiashara anayefika katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Usa River, kulipia leseni yake hupewa kumbukumbu namba ya malipo, kisha hulipa kwa simu au benki. Kazi hiyo huonekana kuwa ya dakika chache. Nyuma yake zipo seva ambazo mara nyingi haziko hata katika Mkoa wa Arusha, na katika vituo vya data vya leo seva hizo kwa kawaida si mashine za chuma zinazojitegemea, bali ni mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Seva moja yenye kumbukumbu na vichakataji vya kutosha huweza kubeba mashine pepe kumi, ishirini au zaidi, kila moja ikiwa na mfumo wake endeshi na kazi yake: moja ina hifadhidata ya mapato, nyingine ina barua pepe za watumishi, nyingine ina tovuti. Seva halisi zikiongezeka, huhitajika seva nyingine ya kuziratibu: kuunda mashine mpya, kuzihamisha bila kuzizima, kugawa rasilimali na kuamua nani ana ruhusa gani. Inayofahamika zaidi ni vCenter ya VMware, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1998 na kununuliwa na Broadcom Novemba 2023. Zipo pia za programu huria, mfano Proxmox.

Seva ya usimamizi ina tabia moja inayowahadaa wengi. Ikizimika, mashine pepe zilizokwisha kuwashwa huendelea kufanya kazi. Mwananchi hulipa, muuguzi husajili mgonjwa, na hakuna anayelalamika. Hivyo hitilafu huweza kukaa wiki kadhaa bila kugunduliwa, hadi siku seva halisi inapoharibika na mashine zake zinahitaji kuhamishwa. Hapo ndipo hubainika kuwa chombo cha kuzihamisha hakipo.

Sababu za kuzimika kwake mara nyingi ni ndogo. Diski inayotunza kumbukumbu za matukio hujaa. Nywila ya msimamizi mkuu huisha muda, ambao katika matoleo ya karibuni ya vCenter ni siku 90 isipobadilishwa mpangilio. Vyeti vya usalama navyo vina mwisho: baadhi ya matoleo yalifungwa yakiwa na cheti cha ndani chenye uhai wa miaka 2 tu, na siku kilipokwisha hakuna aliyeweza kuingia, hata mwenye nywila sahihi. Tarehe hizi zinajulikana mapema. Mahali pake ni kwenye kalenda ya kitengo cha TEHAMA, si kwenye kichwa cha afisa mmoja ambaye kesho anaweza kuhamishiwa wilaya nyingine.

Nakala rudufu inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa jambo hili huchanganywa sana. Nakala ya seva ya usimamizi huhifadhi mipangilio yake, ruhusa na orodha ya mashine. Haihifadhi mashine pepe zenyewe wala data ya wananchi iliyomo. Hizo zina nakala zake. Aidha, nakala ya mipangilio hurejeshwa kwa faili za usakinishaji za toleo lilelile, kwa hiyo faili hizo hutunzwa pamoja nayo, nje ya seva inayolindwa. Picha ya hali ya mashine inayochukuliwa kabla ya marekebisho si nakala rudufu. VMware hushauri isikae zaidi ya saa 72, kwani huendelea kukua, na ikijaza hifadhi huweza kusimamisha hata mashine ambazo hazikuguswa.

Umeme unapokatika na betri za akiba kwisha, mpangilio wa kuwasha ndio unaoamua huduma itarejea baada ya nusu saa au baada ya siku nzima. Hutangulia swichi za mtandao na hifadhi, hufuata seva halisi, kisha seva ya majina ya mtandao na ya saa, ndipo seva ya usimamizi, na mwisho mashine za huduma. Tatizo hutokea pale seva ya majina ilipo yenyewe mashine pepe, na anwani yake hutafutwa kupitia seva ya usimamizi ambayo nayo inasubiri majina ili iwake. Ni fundo la kujifunga wenyewe. Chumba cha seva cha halmashauri au hospitali, hata chenye mashine mbili tu, kinastahili karatasi ukutani inayoonesha anwani za seva halisi na ni ipi inayobeba seva ya usimamizi. Karatasi haihitaji umeme.

Kwa upande wa usalama, anayeishika seva hii ameshika zote zilizo chini yake. Mei 2021 VMware ilitangaza dosari ya vCenter iliyopewa alama 9.8 kati ya 10: mtu aliyeweza kuifikia kupitia mlango wa 443 aliweza kuendesha amri bila kuwa na akaunti. Kiraka kilitolewa wakati huohuo, lakini kiraka humlinda aliyekiweka. Toleo la 7.0 lilifikia ukomo wa huduma za kawaida za mtengenezaji tarehe 2 Oktoba 2025, na taasisi inayolitumia inapaswa kupanga bajeti ya kuhama. Seva ya usimamizi haipaswi kufikiwa kutoka intaneti, na kila msimamizi awe na akaunti yake ili ijulikane nani alifanya nini.

Wajibu huu una msingi wa kisheria. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019, iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, inazitaka taasisi za umma kufuata viwango na miongozo ya TEHAMA, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za mtu kuzilinda zisipotee wala kufikiwa na asiyehusika. Jalada la mgonjwa lililo ndani ya mashine pepe linalindwa na sheria hiyo sawa na lililo kabatini.