Open vSwitch kwenye prosesa ya mtandao

Kuhamishia swichi pepe kwenye prosesa ya mtandao ni kazi ya kuchukua programu inayogawa pakiti kati ya mashine pepe za seva moja, na kuiwezesha kutumia chipu iliyobuniwa mahsusi kwa kushughulikia pakiti. Mfano mashuhuri ni Open vSwitch, programu ya chanzo huria iliyoasisiwa na kampuni ya Nicira ya California na kutolewa kwa umma mwaka 2009. Mwaka 2012 sehemu yake ya ndani iliingizwa katika kerneli ya Linux 3.3, na mwaka huohuo VMware ikainunua Nicira. Tangu 2016 mradi huu unalelewa na Linux Foundation.

Chanzo cha haja hii ni hesabu. Waya wa gigabiti 10 kwa sekunde ukijaa pakiti ndogo kabisa za baiti 64, huleta pakiti milioni 14.88 kila sekunde. Kila pakiti inapata nanosekunde 67 tu. Kwa kiini cha prosesa cha gigahezi 3, hiyo ni mizunguko kama 200, na safari moja ya kwenda kuchukua data kwenye kumbukumbu kuu yaweza kuimaliza yote. Tena, kila kiini kinachotumika kugawa pakiti ni kiini ambacho mwenye kituo cha data hawezi kumkodishia mteja.

Muundo unaoruhusu kuhama

Open vSwitch imejengwa kwa tabaka mbili. Tabaka la juu, ovs-vswitchd, ndilo lenye akili: linasoma kanuni za itifaki ya OpenFlow na kuamua kila mkondo wa pakiti uelekee wapi. Tabaka la chini ni njia ya data, lenye kazi ya kutekeleza tu. Ni kama bawabu na mwenye nyumba. Mgeni wa kwanza husimamishwa getini hadi mwenyeji aulizwe, lakini wenzake wa msafara uleule hupita bila maswali. Pakiti ya kwanza ya mkondo hupandishwa juu, uamuzi huandikwa kwenye jedwali la chini, na zinazofuata huishia hapohapo. Tangu toleo la 1.11 la mwaka 2013, mstari mmoja wa jedwali unaweza kufunika mikondo mingi inayofanana, hivyo safari za kwenda juu zikapungua sana.

Kwa sababu hiyo, anayehamisha hahitaji kuibeba programu nzima. Mwongozo wa mradi unamwonyesha milango mitatu: netdev kwa ajili ya violesura vya mtandao, dpif kwa ajili ya njia ya data, na ofproto kwa vifaa vinavyoweza kupokea kanuni za jumla moja kwa moja. Mlango wa dpif ndio mwepesi zaidi. Tabaka la juu hubaki kwenye Linux, na bawabu peke yake ndiye anayehamia kwenye chipu.

Chipu na tabia zake

Prosesa za Octeon za kampuni ya Cavium zilitumia viini vya MIPS64. Baadhi ya viini viliweza kuendesha Linux huku vingine vikiendesha programu isiyo na mfumo endeshi chini yake. Pakiti inapoingia, mitambo ya chipu huitengea kumbukumbu, huipa lebo kutokana na anwani zake, kisha huikabidhi kwa kiini chochote kilicho huru. Lebo hiyo ndiyo inayohakikisha kwamba pakiti za mkondo mmoja zinatoka kwa mpangilio zilioingia nao, hata zikishughulikiwa na viini tofauti.

Netronome, iliyochukua leseni ya teknolojia ya prosesa za mtandao za IXP kutoka Intel mwaka 2007, ilikwenda njia nyingine. Kadi zake za Agilio zilibeba viini vidogo kwa makumi, kila kimoja kikiwa na nyuzi 8 za kazi. Uzi mmoja ukisubiri kumbukumbu, mwingine hushika zamu.

Ugumu huwa kwenye mambo madogo. Viini vingi vikiongeza namba kwenye kihesabio kimoja cha pakiti, hupigana vikumbo. Hata hivyo vihesabio haviachiki: tabaka la juu huvisoma ili kufuta mkondo uliokaa kimya, kwa kawaida baada ya sekunde 10. Chipu ikichelewa kuripoti, mkondo ulio hai huondolewa. Pia kila toleo jipya la Open vSwitch laweza kuleta uga wa pakiti au kitendo kipya ambacho msimbo wa chipu haukijui.

Kutoka nakala binafsi hadi njia ya pamoja

Kila kampuni ya chipu kutunza nakala yake ya Open vSwitch iliyorekebishwa ilikuwa mzigo. Toleo la 2.8 la mwaka 2017 lilifungua njia ya pamoja: Open vSwitch hupeleka mikondo kwenye kadi kupitia mfumo wa kudhibiti trafiki wa kerneli ya Linux, na dereva wa kadi hukubali au hukataa. Mkondo uliokataliwa hauvunjiki, unaendelea kuhudumiwa na kerneli, ila kwa kasi ndogo.

Uwezo huu huwa umezimwa hadi msimamizi auwashe kwa chaguo la hw-offload. Baada ya kuuwasha, amri ya ovs-appctl dpctl/dump-flows type=offloaded humwonyesha mikondo iliyokubaliwa kwenye kadi.