Mashine Iliyokula Robo Dola

Mashine ya kwanza ya sarafu inayojulikana katika maandishi iliuza maji ya kunawa. Heron wa Alexandria, fundi na mwanahisabati aliyeishi Misri katika karne ya 1, aliieleza katika kitabu chake Pneumatika. Anayeingia hekaluni anatumbukiza sarafu ya drakma 5. Sarafu inaangukia kisahani kilichopo kwenye ncha ya wenzo, wenzo unainuka upande wa pili na kufungua tundu, maji yanatoka. Sarafu ikishateleza na kudondoka, tundu linajifunga. Hakuna kuhani wa kupima wala mtumishi wa kupokea fedha. Na hiyo ndiyo kazi ya sarafu tangu siku hiyo, kumwondoa mtu aliyesimama kati ya mteja na anachokitaka.

Upande wa kufua nguo, mtu huyo alikaa muda mrefu sana. Katika miji ya Marekani ya karne ya 19, kufua kwa malipo kulikuwa kazi ya waliokosa kazi nyingine. Kusini walikuwa wanawake Weusi, wengi wao waliotoka utumwani. Mwezi Julai 1881, wanawake 20 wa Atlanta waliunda chama cha wafuaji na kudai dola 1 kwa kila ratili 12 za nguo. Ndani ya wiki tatu waligoma wakiwa kama 3,000, na jiji zima likabaki na mafurushi machafu. Kwenye pwani ya magharibi walikuwa Wachina. Mwaka 1880 San Francisco ilipitisha sheria kwamba dobi mwenye jengo la mbao lazima apate kibali maalumu, wakati majengo karibu yote ya madobi, 310 kati ya 320 hivi, yalikuwa ya mbao. Vibali wakapewa Wazungu, Wachina wakanyimwa. Kesi ya dobi mmoja wa Kichina, inayojulikana kama Yick Wo, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1886, na majaji wakasema sheria inayoonekana ya haki kwenye karatasi ila inatumiwa kwa ubaguzi ni batili. Wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo, na chanzo chake ni mashati.

Mashine zilikuwepo muda wote huo. James King alipata hataza ya ngoma ya kufulia mwaka 1851, Hamilton Smith ya ngoma inayozunguka mwaka 1858. Lakini zilizungushwa kwa mkono, na anayezungusha bado ni mfuaji. Mota ya umeme ilipoingia mwanzoni mwa karne ya 20, mtu alihitajika vilevile kujaza maji, kuyamwaga, na kupitisha nguo kati ya magogo mawili ya kukamulia yaliyopenda sana kula vidole.

Ndiyo maana duka lililofunguliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1934, linalotajwa kuwa la kwanza la kujifulia, halikuwa na sarafu. Lilikuwa na mashine nne za umeme zilizokodishwa kwa saa. Sarafu haina macho. Haiwezi kujua kama nguo zimeshasuuzwa. Ili mtu alipe mara moja na kuondoka, mashine yenyewe lazima ijue kuanza na kumaliza.

Iliyojua kazi hiyo ni mashine ya Bendix ya mwaka 1937, yenye mlango wa kioo mbele, iliyofua, kusuuza na kukamua bila kuguswa. Ilitikisika kiasi kwamba ilibidi ikazwe sakafuni kwa boliti, jambo lililowaudhi wenye nyumba nzuri. Kwenye vyumba vya chini vya majengo ya kupanga halikuwa tatizo, tena boliti zilisaidia isiibwe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Telecoin ya New York ikasambaza maduka yaliyojaa mashine hizo, sasa zikiwa na kifaa cha sarafu, na tarehe 9 Mei 1949 London nayo ikapata lake la kwanza, mtaa wa Queensway. Dobi wa Kichina, aliyeshinda mahakamani mwaka 1886, sasa alikuwa akishindana na kisanduku cha chuma. Mteja alifua mwenyewe, akakunja mwenyewe, na akalipia nafasi ya kufanya hivyo. Mimi huona huo ni ujanja mkubwa wa biashara kuliko uvumbuzi wowote wa ngoma.

Anayetafuta mashine hizi leo huzikuta hasa kwenye majengo ya zamani, kwa sababu kupandisha chuma kizito hicho ngazini ni gharama kuliko kukiacha kioze. Lee Maxwell, mhandisi mstaafu wa Eaton, Colorado, alikusanya mashine za kufulia zaidi ya 1,000 na kuzikarabati. Kinachokosekana mara nyingi kwenye zile za biashara ni kifaa cha sarafu. Mwenye kuinunua kwa matumizi ya nyumbani hukitoa kwanza, anaunganisha nyaya mbili, basi. Unabaki na mashine ya kawaida yenye tundu la ajabu juu yake.

Kifaa hicho, kwenye aina iliyoenea zaidi, ni ulimi wa chuma wenye nafasi za sarafu. Kila nafasi ina kijino juu yake. Nafasi ikiwa tupu, kijino kinashuka na kuuzuia ulimi usisogee. Zikijaa zote, ulimi unaingia hadi mwisho, unabonyeza wenzo wa swichi, sarafu zinadondoka sandukuni. Hupima upana na unene tu, na robo dola ya Marekani ina milimita 24.26 kwa 1.75. Mwaka 1965 Marekani ilipoondoa fedha halisi kwenye robo dola, vipimo hivyo havikuguswa, na mchanganyiko wa shaba na nikeli ulichaguliwa makusudi ili hata mashine zinazopima sarafu kwa umeme zisiikatae. Serikali ilibadilisha pesa, ila iliziogopa mashine.

Ukarabati wenyewe ni kutu, mipira iliyokauka, beringi zinazolia na nyaya zilizofunikwa kitambaa kinachomomonyoka. Nyingi za zamani hazina waya wa kupeleka umeme ardhini, na kifaa kinachotumia maji bila waya huo hakistahili kuwashwa hata kwa majaribio. Mwenye kupakia ya kwake kwenye kontena la Mombasa au Dar es Salaam ajue pia kwamba transfoma itashusha volti 240 hivi hadi 120 hivi, lakini haitagusa mzunguko wa umeme, ambao kule Marekani ni 60 kwa sekunde na huku ni 50. Mota itapunguza mwendo kwa moja ya sita hivi, na saa inayoongoza hatua za kufua itageuza dakika 30 kuwa 36.

Kwa maoni yangu, rangi ikirudishwa na ulimi wa sarafu ukatupwa, kilichookolewa ni nusu isiyo na historia. Kufuli la sanduku linaweza kuchongewa ufunguo mpya, robo dola ileile ikatolewa na kurudishwa kila nguo zinapochafuka.