Nyumba iko kwa jina ya nani? Kumkumbuka Mariama Bâ



Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 1981, kule Dakar, mwandishi Mariama Bâ alifariki kwa ugonjwa wa kansa. Alikuwa na miaka 52. Kitabu chake cha kwanza, Une si longue lettre, kilitoka mwaka 1979. Hesabu ni rahisi: mama huyu aliishi kama mwandishi anayejulikana kwa miaka miwili tu. Kazi nyingine yote, ya kukifikisha kile kitabu chembamba Abidjan, Kinshasa, Lubumbashi mpaka Bukavu, tulibaki nayo sisi wasomaji.

Ninataka kusema habari ya wasomaji hao, hasa wamama wa kwetu Congo. Maprofesa wa fasihi wanamkumbuka kwenye chuo kikuu, kwenye mikutano na kwenye memwari za wanafunzi. Hiyo ni vizuri. Lakini wamama ninaowajua mimi wanamkumbuka mahali pengine: kwenye kilio.

Kwanza tujue alikuwa nani. Alizaliwa Dakar mwaka 1929. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, watu wa dini na desturi ambao hawakuona sababu ya msichana kuendelea sana na masomo ya wazungu. Aliyekaza ni baba yake, Niélé Bâ, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa afya. Mwaka 1943 Mariama akafanya mtihani wa kuingia shule ya ualimu ya wasichana ya Rufisque, akatokea wa kwanza katika Afrika ya Magharibi yote iliyokuwa chini ya Ufaransa. Akamaliza mwaka 1947 na diploma ya ualimu. Alifundisha miaka 12, mpaka afya ikamshinda, akahamia kwenye ukaguzi wa shule. Aliolewa na mwanasiasa Obèye Diop, wakazaa watoto tisa, kisha wakaachana. Pamoja na hayo yote alikuwa katika vyama vya wanawake vya Dakar, akisema na kuandika juu ya elimu ya wasichana na shida za ndoa.

Kwa hiyo alipotoa kitabu alikuwa na miaka 50, mwalimu, mama wa watoto tisa, mwanamke aliyeona mengi. Kilichapwa na Nouvelles Éditions africaines, pale pale Dakar. Mwaka 1980 kikapata tuzo ya Noma, ambayo ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza kabisa kwa vitabu vilivyochapwa Afrika, na mwenyewe akaenda Frankfurt kuipokea. Mwaka uliofuata tukamzika. Riwaya yake ya pili, Un chant écarlate, ilitoka yeye akiwa hayupo tena.

Wale ambao hamjakisoma, hadithi ni hii. Ramatoulaye ni mwalimu wa Dakar. Bwana yake, Modou Fall, amekufa kwa moyo, ghafla, akiwa kazini. Mama anakaa ndani siku zile za eda, miezi minne na siku kumi, na anamuandikia rafiki yake wa utoto, Aïssatou. Anaandika yote. Kwamba baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, Modou alioa Binetou, msichana rafiki wa binti yao wenyewe, aliyetolewa shuleni kwa sababu mama yake alitaka maisha mazuri. Kwamba yeye Ramatoulaye alibaki katika ndoa, wakati Aïssatou, alipotendewa vile vile na bwana yake, alichukua watoto akaenda zake, akasoma, akawa mkalimani katika ubalozi wa Senegali huko Marekani. Wanawake wawili, jeraha moja, njia mbili. Kitabu hakisemi nani alikosea.

Wanafunzi wengi wanakumbuka hapo tu: mitara, mke wa pili, machozi. Mimi pia ningebaki hapo kama si prof wetu wa Kifaransa. Ilikuwa mwaka 1988, Bukavu, mwaka wa tano wa sekondari, nchi bado inaitwa Zaire. Kalasi nzima tulikuwa na vitabu vitatu. Tulisoma kwa zamu, wengine wakinakili kurasa kwenye kaye kwa mkono. Mbele ya hapo tulikuwa tumezoea riwaya za Zamenga Batukezanga, ambazo tulizisoma tukicheka. Hii ya Mariama Bâ ilileta magomvi. Vijana wakasema Ramatoulaye ni mama dhaifu, angeenda kama mwenzake. Wasichana wakasema aende wapi na watoto 12? Prof akatuacha tupige kelele, halafu akauliza kwa Kiswahili, yeye ambaye hakupenda tuseme Kiswahili katika kalasi: « Ile nyumba iko kwa jina ya nani? »

Tukarudi kwenye kitabu. Kumbe jibu lilikuwemo toka mwanzo, tulilipita mbio. Bwana akifa, dini inataka mali yake na madeni yake vielezwe wazi mbele ya jamaa. Hapo ndipo Ramatoulaye anajua kwamba Modou alichukua deni ili kumnunulia Binetou nyumba, na dhamana aliyoweka ni nyumba ya Ramatoulaye mwenyewe. Nyumba hiyo walikuwa wameipata pamoja, kwa akiba ya mishahara miwili. Lakini karatasi ilikuwa na jina moja tu, la Modou. Mke alifanya kazi, mke alichangia, mke hakuandikwa.

Tangu siku ile nimesoma kitabu hiki mara nyingi, na kila mara nakiona zaidi kama kitabu cha mali. Angalia ile sura ya matanga. Watu wanaleta michango, pesa zinaandikwa, na mwishoni jamaa ya marehemu wanaondoka na furushi la noti, wajane wanabaki mikono mitupu. Angalia Tamsir, kaka ya marehemu. Siku ya arobaini anaingia na kutangaza kwamba atamuoa Ramatoulaye eda ikiisha, kama vile mtu anayekuja kuchukua kiti alichoacha ndugu yake. Ni hapo yule mama, aliyenyamaza miaka 30, anafungua kinywa na kukataa. Katika kalasi yetu, ukurasa ule ulisomwa na msichana mmoja mpole sana. Alipomaliza hakuna aliyecheka.

Sasa tuweke pembeni ya kitabu sheria ya kwetu. Tarehe 1 mwezi wa nane 1987, mwaka mmoja tu mbele ya ile kalasi, Zaire ilipata Code de la famille. Sheria hiyo haikubali mitara. Bwana mwenye ndoa hawezi kuandikisha ndoa nyingine. Inasema watoto ndio warithi wa kwanza, wana robo tatu ya mali. Robo inayobaki wanagawana mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana yake na kutumia vyombo vilivyomo. Tena, kama wenye ndoa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, vitu walivyopata pamoja ni vya wote wawili.

Ukisoma hivyo unasema: basi Ramatoulaye angezaliwa kwetu angepona. Subiri kwanza. Sheria ile ile iliweka usimamizi wa mali mikononi mwa bwana, na ikataka mke apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya kisheria. Ruhusa hiyo iliondolewa tu na sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016. Hesabu mwenyewe: karibu miaka 29. Wamama waliosoma na mimi waliolewa, wakazaa, wakanunua viwanja na kujenga wakati wa miaka hiyo. Na kuhusu mitara, tunajua wote: sheria ilikataa mke wa pili, mji ukamwita deuxième bureau. Binetou yupo kwetu pia, ila hana karatasi, na watoto wake wanatokea siku ya kilio wakiwa wamevaa nguo mpya.

Mimi nimeona vilio. Nimemuona mama mdogo wangu akiwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, huku mashemeji wanahesabu viti. Hawakuwa watu wabaya kwa macho. Walikuwa wanaimba na kulia pamoja nasi. Siku ya tatu mbele ya maziko walipakia frigo kwenye gari. Alipouliza, wakamjibu: « Hii ni vitu ya kaka yetu. » Hakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Ndoa ilifungwa kwa mahari na kwa kanisa, komine hawakupita. Karatasi ya parseli ilikuwa na jina moja. Sheria ilikuwepo, nzuri, lakini yeye hakuwa na kitu cha kuishikia.

Na nimeona kilio kingine. Ni mwenzetu wa ile ile kalasi ya 1988. Jina silitaji, yeye anajijua. Bwana yake alipofariki, alimpa binti yake kaye, akamwambia akae mlangoni aandike kila mchango, jina na franka. Akte ya ndoa na karatasi za nyumba zilikuwa kwa dada yake toka zamani, ndani ya bahasha. Kaka ya marehemu alipoanza ile hotuba ya « mke wa kaka yetu ni mke wetu », mama akamuacha amalize, akamshukuru kwa kuja, akasema hapana. Kwa sauti ndogo, lakini watu wote walisikia. Nilipomuuliza baadaye nguvu hizo alizitoa wapi, alinitazama kama ninauliza jambo la wazi: « Si tulisoma wote? »

Ndiyo maana ninasema wasomaji ndio waliomaliza kazi ya Mariama Bâ. Leo kuna shule ya wasichana kwenye kisiwa cha Gorée inayobeba jina lake. Binti yake Mame Coumba Ndiaye ameandika maisha yake katika kitabu kilichotoka 2007. Barua ya Ramatoulaye imetafsiriwa katika lugha nyingi, na kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Yote hayo ni heshima kwa marehemu. Lakini yule aliyekuwa mwalimu, nafikiri angefurahi zaidi na ile kaye mlangoni.

Vijana watasema: mama, hiki ni kitabu cha kuwachukia wanaume. Hapana. Ramatoulaye alimpenda Modou mpaka mwisho, na kitabu kinamaliza mama akiwa bado na tumaini katika ndoa. Aliyekipenda sana katika kalasi yetu alikuwa prof, mwanaume, na swali la jina la nyumba lilitoka kinywani mwake. Ni sisi wenyewe, wanaume na wanawake, ndio tunaona haya kuzungumza karatasi. Ukiuliza unaambiwa unamuombea mtu kifo.

Basi, ndugu wahitimu, tumuombee huyu mama, na tufanye somo lake. Wewe ambaye hamjapita komine, pitani. Wewe uliyenunua parseli na bwana au bibi yako, toa ile karatasi wiki hii, muisome pamoja, wote wawili wakiwa wazima na wanacheka, muangalie kuna majina mangapi.