"Lazima" na "Yawezekana": Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, 1970

Habari za kupunguza moshi wa motokaa zaweza kusimuliwa kwa njia nyingi. Hapa nataka kuzitazama katika usemi wa wale waliobishana, kwani mabishano yao, nionavyo, yalihusu vitenzi kuliko mitambo.

Mji wa Los Angeles ulianza kusumbuliwa na hewa chafu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wenyeji waliiita kwa neno lililounganisha moshi na ukungu. Sisi hatuna neno moja la namna hiyo, na labda ni heri, maana kitu chenyewe si moshi wala si ukungu. Mapema katika miaka ya 1950 Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha ya kuwa jua likipiga mvuke wa petroli na gesi za naitrojeni zitokazo katika injini, huzaliwa ozoni, ambayo hudhuru mapafu na mimea. Tangu hapo mshtakiwa alijulikana. Katika Januari 1969 Serikali ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wanne wakubwa wa motokaa pamoja na chama chao, kwamba walikula njama ya kuchelewesha vyombo vya kupunguza moshi. Kesi ikaisha mwaka huo huo kwa mapatano, bila wao kukiri kosa.

Mwaka uliofuata Seneta Edmund Muskie wa Maine aliongoza utungaji wa sheria mpya. Baraza la Seneti liliipitisha kwa kura 73 bila hata moja ya kuipinga, na Rais Nixon akaitia sahihi tarehe 31 Desemba 1970. Iliamuru kwamba mvuke wa mafuta na kaboni monoksaidi zipunguzwe kwa sehemu 90 katika 100 kwa magari ya mwaka 1975, na oksaidi za naitrojeni vivyo hivyo kwa yale ya 1976. Chombo cha kutimizia amri hiyo hakikuwapo sokoni.

Hapa ndipo fikira mbili zilipoachana. Mtunga sheria alianza na pafu la raia, akahesabu kurudi nyuma hata akafika kwenye injini. Mwenye kiwanda alianza na injini iliyokuwamo karakanani, akahesabu kwenda mbele: gharama, muda wa kubadili mashine, hiari ya mnunuzi. Kwa huyu, "lazima" haina maana mpaka itanguliwe na "yawezekana". Kwa yule, "yawezekana" ni mtoto wa "lazima". Mtu asidhani kuwa hofu ya wenye viwanda ilikuwa hila tupu. Atengenezaye magari kwa mamilioni, akikosea mara moja, amekosea mara milioni.

Mwaka 1972 wakuu wa viwanda waliomba kuongezewa mwaka mmoja. William Ruckelshaus, mkuu wa Idara ya Kulinda Mazingira, alikataa. Katika Februari 1973 mahakama ya rufani ilimrudishia shauri hilo, ikipima ni hasara gani kubwa zaidi, ya kukosea upande huu au upande ule. Na mwezi wa Aprili akaridhia. Lakini wakati huo huo kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa imekwisha kuonyesha injini ya CVCC, iliyowasha mafuta kidogo kidogo katika chumba chake cha pembeni na kutimiza kiwango cha 1975 pasipo chombo cha ziada. Basi "haiwezekani" ya wakubwa ilikuwa, kwa tafsiri sahihi, "haiwezekani kwetu, kwa bei hii, mwaka huu".

Wala wafanyabiashara hawakuwa kauli moja. Edward Cole, rais wa General Motors, mwaka 1970 alitaka risasi iondolewe katika petroli, kwa kuwa huua chombo cha kusafishia moshi. Na kampuni yake ndiyo iliyoshiriki kuanzisha biashara ya risasi hiyo mwaka 1924. Magari mengi ya Marekani ya 1975 yalitoka na chombo hicho, na petroli isiyo na risasi ikauzwa kwa ajili yake. Hata hivyo mwaka 1977 Baraza la Congress lilisogeza mbele tena tarehe za viwango vyenyewe.

Kwetu jambo hili lilichelewa. Wajumbe wa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara walikubaliana mjini Dakar katika Juni 2001 kuiacha petroli ya risasi, na mwanzoni mwa 2006 ikawa imekoma. Hadi hapo motokaa kuukuu zilizoletwa na chombo kile ziliweza kukiua kwa pipa la kwanza la mafuta. Jina lililobaki nalo lina utata wake: "petroli isiyo na risasi", katika lugha ambayo risasi ni madini, na pia ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki.