Heshima kati ya Muuzaji na Mnunuzi

Katika kata kama Ikinga, wilayani Ileje, Mkoa wa Songwe, duka si mahali pa kubadilishana fedha na bidhaa tu. Ni baraza pia. Anayekuja kununua chumvi huulizwa hali ya wagonjwa na ya shamba kabla ya kuulizwa haja yake. Mila yetu haijui kuanza shughuli bila salamu. Lakini historia ya maduka yetu yaonyesha kwamba ukarimu wa muuzaji una kipimo chake.

Hapo zamani mwenye duka alimhitaji mnunuzi. Wahenga walinena kuwa biashara haigombi. Ndiyo maana watu walipatana bei kwa maneno laini, na muuzaji akatoa nyongeza ili mteja arudi. Hata hivyo ulimi mtamu haukuwa dhamana ya mizani ya haki. Wapo wakulima waliokaribishwa vizuri wakapunjwa, au wakakopeshwa kwa tabasamu mpaka mavuno yao yakaishia katika daftari la mwenye duka.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilitwaa biashara kubwa na kuunda Shirika la Biashara la Taifa. Baadaye zikaja kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ilianzishwa Operesheni Maduka, ili maduka ya ushirika yachukue nafasi ya maduka ya watu binafsi. Nia ilikuwa njema: kumwondolea mnyonge unyonyaji. Lakini mshahara wa muuzaji haukutegemea tena kurudi kwa mnunuzi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekemea kiburi na dharau za viongozi. Kumbe dharau yaweza pia kukaa nyuma ya kaunta.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, sukari, sabuni na nguo zilizidi kuadimika. Mama aliyesimama kwenye foleni tangu alfajiri aliweza kujibiwa neno moja tu: «Hakuna.» Jioni sukari ile ile ilitoka kwa mlango wa nyuma, ikapewa jamaa na marafiki. Hapo ndipo penye funzo letu. Muuzaji yule hakukosa urafiki. Aliugawa kwa upendeleo. Uchangamfu wake kwa mmoja ulikuwa dhuluma kwa mia waliobaki kwenye foleni.

Mwaka 1983 Serikali iliwasaka walanguzi na wahujumu uchumi, na mwaka 1984 ikalegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Rafu zilijaa tena, na lugha ya kaunta ikalainika. Leo mjini Tunduma, mpakani na Zambia, mpita njia huitwa kwa bashasha na wauzaji asiowajua. Bashasha hiyo si vibaya, lakini yaweza kwisha mara pochi inapofungwa.

Basi, muuzaji awe mkunjufu kwa kiasi gani? Amwamkie kila mtu, mwenye noti kubwa na mwenye sarafu moja. Asirefushe mazungumzo na mmoja huku wengine wakingoja. Apime sawasawa, arudishe chenji kamili, na aseme kweli juu ya kilichopo na kisichopo. Salamu ni ya wote, na zamu ni ya aliyetangulia. Utu wa taifa hupimwa pia pale mtoto anapotumwa dukani peke yake, akarudi nyumbani na haki yake yote.